Je, Wajua? Mageuko ya Ulimi na ya Damu
Je, wajua ya kuwa Rugaaga, wilayani Isingiro nchini Uganda, karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Mnyankole asemapo orurimi na wingi wake endimi, Mnyarwanda ururimi na indimi, na jirani yao Mkongomani, kwa Kiswahili, ulimi na ndimi, wote hutii kanuni moja ya kale, ambayo kwayo sauti r au l, ikitanguliwa na n, hugeuka kuwa d?

Geuko hilo la sauti lina nidhamu, ilhali la mwilini huzuka kwa nasibu: herufi moja tu ya urithi ikibadilika katika hemoglobini, mwana airithiye kwa wazazi wote wawili hupatwa na selimundu, maradhi mazito yenye maumivu makali, bali airithiye kwa mmoja tu hupata hifadhi dhidi ya malaria kali, kama alivyobainisha mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa Kenya. Si insafu, basi, kuliita kila geuko kasoro. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1949 ulikuta geuko hilo la damu ni haba Ankole, na tele mno kwa Waamba wa Bundibugyo.