Kwa nini tanzia huwaandama wakubwa: Kutoka makabaila wa Ulaya hadi watemi wa Usukuma

MWAKA 1963 yalitokea nchini Tanganyika mambo mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza, sheria iliyowapa machifu mamlaka ya kutawala ilifutwa, na watemi wa Shinyanga, Geita na kwingineko wakabaki raia kama raia wengine. La pili, Mwalimu Julius Nyerere, Rais aliyesimamia mabadiliko hayo na ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar.

Tamthilia hiyo, ambayo mwaka 1969 ilitolewa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, inawahusu watu wa nasaba bora wa Roma wanaomuua mwenzao kwa hofu kwamba atajifanya mfalme. Matokeo yake hayakuwa uhuru, bali vita na mtawala mwingine mwenye nguvu zaidi. Kiongozi aliyekuwa akiondoa vyeo vya kurithi nchini mwake alikuwa, wakati huo huo, akiwapa wasomaji wake kisa kinachoonya kwamba kumwondoa mkubwa mmoja si mwisho wa ukubwa.

Ili kuelewa uzito wa onyo hilo, yafaa kujua makabaila wa Ulaya walikuwa nani, na kwa nini waandishi wa tanzia waliwang'ang'ania kwa zaidi ya miaka 2,000.

Kwa karne nyingi, kabaila wa Ulaya alikuwa mtu aliyepewa ardhi na mfalme ili naye amtumikie vitani. Ardhi ilikuja na watu wanaoilima, kodi wanayolipa na haki ya kuwahukumu. Makabaila hao ndio waliomlazimisha Mfalme John wa Uingereza kukubali Magna Carta mwaka 1215, hati iliyoweka msingi kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria. Ndio hao hao waliowanyonya wakulima kwa vizazi, hadi Ufaransa ilipofuta haki zao za kikabaila Agosti 1789 na vyeo vyao vya kurithi mwaka 1790. Uingereza ilikwenda polepole. Ilikuwa mwaka 1999 ndipo sheria ilipowaondoa wengi wa malodi wa kurithi katika Bunge lake la juu, ikiwabakiza 92.

Jukwaani hali ilikuwa tofauti. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alieleza kuwa shujaa wa tanzia huwa mtu mwenye heshima kubwa anayeangushwa si na uovu, bali na kosa. Mfano wake mmoja ni Oedipus, mfalme wa Thebes, ambaye kwa kosa lake mji mzima unakumbwa na tauni.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Si kwamba maskini hawateseki, au kwamba machozi yao ni mepesi. Ni kwamba mkubwa akianguka haanguki peke yake. Jamii nzima huning'inia kwenye uamuzi wake, na mtazamaji humlilia mtu mmoja huku akiiogopea nchi nzima.

Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa hilo na Wayunani. Kabla ya ukoloni, Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na himaya nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Katika himaya nyingi mtemi hakurithiwa na mwanawe bali na mtoto wa dada yake, na walioamua nani akalie kiti walikuwa wazee wa himaya, banang'oma.

Mtemi alihesabiwa kuwa mwenye dhamana ya mvua na rutuba. Mvua ikikatika, lawama zilimwelekea yeye, na angeweza kuondolewa. Heshima yake ilikuwa mkopo ambao jamii ilikuwa na haki ya kuudai.

Ukoloni ulibadili mkopo huo kuwa mshahara. Chini ya mfumo wa Waingereza wa kutawala kupitia machifu, uliowekewa sheria mwaka 1926, mtemi alikusanya kodi na kusimamia amri za serikali, zikiwamo zile zilizochukiwa za kupunguza mifugo. Sasa aliwajibika zaidi kwa bwana shauri kuliko kwa banang'oma. Vivyo hivyo, Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliwaweka makabaila wake katika kasri la Versailles, wakabaki na fahari nyingi na madaraka machache.

Wapo waliopanda juu kwa njia hiyo. Mwaka 1945 Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, mkoani Shinyanga, pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame, walikuwa Waafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lakini kadiri TANU ilivyosambaa, ndivyo watemi walivyobanwa katikati. Huko Geita, mwaka 1958, wananchi walipinga baraza la wilaya la mseto wa rangi walilotaka kuwekewa na wakoloni, na maelfu wakaandamana hadi Mwanza. Mtemi aliyeitii serikali alionekana msaliti. Aliyesimama na watu wake alihatarisha kiti. Mtunzi wa tanzia asingeweza kubuni mtego ulio bora zaidi.

Uhuru ulipokuja, hoja za kuwaondoa zilikuwa nzito. Taifa changa lilihitaji umoja, na kiongozi alitakiwa kuchaguliwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikataa ukabaila pamoja na ubepari. Baadhi ya machifu waliendelea kutumikia nchi kwa njia nyingine. Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alikuwa Spika wa Bunge.

Wakati huo tanzia nayo ilikuwa imeanza kubadilika. Uingereza ilimpandisha jukwaani mwanagenzi wa mfanyabiashara katika tamthilia ya George Lillo ya mwaka 1731. Mwaka 1949 Mmarekani Arthur Miller alimpandisha mchuuzi aliyechoka. Katika Kiswahili, Ebrahim Hussein alimchagua Kinjeketile, mtu asiye chifu, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, ilhali Mugyabuso Mulokozi alimrudia mtawala, Mkwawa, katika Mukwava wa Uhehe ya mwaka 1979. Usukuma ulipata wake mwaka 1988, Emmanuel Mbogo alipochapisha Ngoma ya Ng'wanamalundi. Shujaa huyo anakumbukwa kwa ngoma na maajabu yake, si kwa kiti cha utemi.

Je, vyeo vilipoondoka, uwajibikaji uliondoka navyo? Shinyanga yenyewe inatoa majibu mawili.

La kwanza lilitokea mwaka 1976, watuhumiwa walipopoteza maisha mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kubeba dhamana ya makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais. Hakuwa mtoto wa mtemi, lakini alifanya kile ambacho banang'oma wa zamani wangekitarajia.

Jibu la pili lilitoka vijijini. Mapema miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, wananchi waliunda sungusungu na wakampa kiongozi wao jina la zamani, ntemi. Cheo kilichofutwa na sheria kiliokotwa na watu waliohitaji mtu wa kumwajibisha.

Leo utajiri wa ukanda huu uko chini ya ardhi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Anayeamua hatima ya shamba au shimo la mchimbaji mdogo anaweza kuwa ofisa aliye mbali, au kampuni ambayo wenye hisa zake hawajawahi kuiona Geita. Mvua ikikatika, mwanakijiji wa zamani alijua pa kwenda kulalamika. Wa leo huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Machifu hawajatoweka. Mwezi Septemba 2021, mkoani Mwanza, walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Ni heshima isiyo na mahakama wala kodi, lakini ndani yake kuna ukumbusho wa kale.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Tanzia huongeza swali moja tu: akishuka, nani aliyekuwa amesimama chini yake?