Vitabu Havizikwi Pamoja na Mwenyewe

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari lenyewe hupotea likikosa mtu wa kulitunza. Jambo hili tumelifikiri kwa uzito hapa mjini Babati, tangu tulipopokea barua ya uhamisho ikitutaka turejee Unguja baada ya miaka 11 ya kazi ya Chama katika Mkoa wa Manyara. Kitanda, meza na viti vilipata wenyewe kwa siku mbili. Vitabu ndivyo vilivyotushinda.

Tulikuja Babati na kasha moja la mbao. Tulipokaa sakafuni kuhesabu, tulikuta vitabu 437, mbali na madaftari yetu ya chuo ambayo hatukuyatia katika hesabu. Ilikuwa jioni ya baridi ya Julai, Mlima Kwaraa umejifunika ukungu, na malori yakipita katika barabara kuu iendayo Arusha upande mmoja na Dodoma upande wa pili. Dereva mmoja alitutajia gharama ya kuyafikisha makasha hayo bandarini Dar es Salaam, kisha akatuuliza kwa upole kama karatasi hizo zinastahili fedha zote hizo. Jirani yetu, mtu mwema asiye na nia mbaya, alitushauri tuviuze kwa kilo kwa wauza karanga wa stendi. Hatukukasirika. Asubuhi ya siku ile ile tulikuwa tumenunua karanga zilizofungwa katika ukurasa wa kitabu cha darasa la sita.

Tuseme wazi ni vitabu gani hivyo. Kulikuwamo juzuu tulizosomea utotoni, na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969. Kulikuwamo Kusadikika na Adili na Nduguze vya Shaaban Robert, na Mabepari wa Venisi, kazi ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Na kulikuwamo vitabu vya ndugu zetu wa Visiwani: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, Asali Chungu cha Said Ahmed Mohamed, Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli vya Shafi Adam Shafi. Vingine tulivinunua kwa mshahara wa kwanza, vingine tuliviazima tukasahau kuvirejesha, jambo ambalo tunaliombea radhi hadharani. Mtu aliyekusanya vitabu kwa miaka 25 anajua kwamba kila jalada lina siku yake na mahali pake. Kuvitoa ni kama kutoa sehemu ya umri.

Hata hivyo hatukuandika makala haya ili tulie. Tumeyaandika kwa sababu tunalo kosa la kukiri, na kosa hilo si letu peke yetu.

Babu yetu mzaa baba alikuwa mwalimu wa chuo kisiwani Pemba. Alikuwa na sanduku la vitabu vya fiqhi na tafsiri, na tenzi zilizoandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Alipofariki, mikarafuu iligawanywa kwa mujibu wa sheria na kila mrithi akaijua miti yake. Sanduku halikuulizwa na mtu. Lilikaa ukumbini, likahamia barazani, kisha likapelekwa katika banda lililokuwa likivuja. Sisi wakati huo tulikuwa tumekwisha kumaliza skuli, tunaweza kuzisoma hati zile, na kila likizo tulipita mbele yake. Tulipokuja kulifungua, mchwa walikuwa wametutangulia. Mwalimu wetu alitufundisha kuokota kila kipande cha karatasi chenye herufi za Kiarabu ili kisikanyagwe. Tukajifunza kuokota vipande vya njiani, tukaliacha sanduku zima nyumbani kwetu.

Ni nyumba ngapi za Unguja, Pemba na Mafia zenye sanduku kama hilo hivi leo? Wasomaji wetu wa Visiwani watazame wenyewe juu ya makabati na chini ya vitanda vya wazee wao.

Historia ya lugha yetu inatufunza kwamba maandishi huokolewa na watu wachache waliochukua hatua kwa wakati. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yamefika kwetu kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kumpatia mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi hizo ziko London, katika chuo cha SOAS, na ndizo zilizomwezesha W. Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Yapo majuto katika habari hiyo, kwamba mjukuu wa Mombasa avuke bahari ili aone maneno ya babu yake. Lakini tuwe wakweli: yaliyokwenda London tunayo, na yaliyobaki katika banda la babu yetu hatunayo.

Iko njia iliyo bora kuliko hiyo. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka pwani yetu akiwaendea wazee majumbani na kukusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu. Miswada hiyo iliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Kule Lamu, Msikiti Riyadha, kazi ya Habib Swaleh, umehifadhi miswada ya vizazi vingi. Katika mwongo wa 2010 miswada hiyo ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza unaoshughulikia nyaraka zilizo hatarini. Picha zikaenda duniani, vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Hapa nchini, Mwalimu Nyerere alipong'atuka Urais mwaka 1985 alirudi kijijini kwake Butiama, na vitabu vyake binafsi vimetunzwa huko huko, mbali na majumba makubwa ya Dar es Salaam.

Sisi tuliopitia chuoni hatuna haja ya kuazima fikra hii kutoka ng'ambo. Wazee wetu waliijua wakfu. Mwenye kitabu aliandika katika ukurasa wa mwanzo kwamba kitabu hiki ni wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani. Hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Na msimamizi wake ni fulani. Kwa maneno hayo machache kitabu kilitoka mikononi mwa mtu mmoja kikawa cha umma, na thawabu yake ikaendelea baada ya kaburi. Tena wakfu hufanywa na mtu akiwa hai na mzima. Anayengoja wasia ajue kwamba sheria imemwekea mpaka wa thuluthi moja, na kwamba warithi wanaogawana nyumba hawana nafasi ya kusoma majina ya vitabu. Fikra hii haipingani hata kidogo na siasa tuliyofundishwa na Chama. Mali inayomfaa mmoja tu ikiwa kabatini, na kuwafaa mia ikiwa rafuni, mahali pake panajulikana.

Sasa tuseme na viongozi na watumishi wa Serikali, maana mwananchi akitoa lazima awepo wa kupokea.

Nchi hii ilikwisha kuonyesha uwezo wake. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu aliifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule zaidi ya nusu ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986, takwimu rasmi zilionyesha kwamba waliobaki hawakufika mmoja katika kumi. Waliosimamia kampeni ile waligundua jambo ambalo leo tunaelekea kulisahau: mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, husahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini. Kisomo hakikuishia kwenye cheti.

Tunajua majibu ya baadhi ya maofisa. Watasema kwamba vitabu vya msaada ni mzigo, na kwamba watu huleta takataka za nyumbani wakaziita zawadi. Maneno hayo yana ukweli. Kitabu cha hesabu cha mtaala uliokwisha kufutwa hakimfai mtoto wa leo, na mtoaji anayetaka kupunguza vumbi nyumbani kwake asijidai mfadhili. Sisi wenyewe, katika vitabu vyetu 437, tulivitenga 90 na zaidi ambavyo hakuna shule iliyostahili kubebeshwa. Wengine watasema kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu. Tenzi za babu yetu hazimo katika simu ya mtu yeyote.

Tunachokitaka hakihitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila halmashauri imtaje ofisa mmoja mwenye jukumu la kupokea vitabu vya wananchi, mwenye daftari, muhuri na uwezo wa kukataa visivyofaa. Pili, vitabu vikipokewa visifungiwe kabatini ofisini ufunguo ukiwa mfukoni mwa mkuu aliyesafiri. Kitabu kinachoazimwa kikachakaa kimefanya kazi kuliko kilichobaki kipya. Tatu, kwa upande wa Zanzibar, maofisa wa Nyaraka za Taifa za Kilimani, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1956, wakishirikiana na Kamisheni ya Wakfu na masheha, waende majumbani kabla ya mvua na mchwa. Mzee asiyetaka kutoa asilazimishwe. Maandishi yake yapigwe picha mbele yake, abaki nayo. Anayetaka kutoa apewe hati yenye jina lake, ili wajukuu wajue kwamba babu hakunyang'anywa.

Ama vitabu vyetu, tulifanya hivi. Madaftari ya chuo na juzuu tunarudi navyo Unguja. Maandishi machache ya babu yaliyosalia, kurasa zisizofika 30, tunakusudia kuyapeleka Kilimani. Vitabu vilivyobaki tumeviacha Babati, katika shule moja ya sekondari ya kata, na kila kimoja tumekiandika katika ukurasa wa mwanzo kwa kalamu ya wino, kwa utaratibu ule ule wa wazee wetu.

Baadhi ya ndugu zetu wa Visiwani walitulaumu kwa kuviacha vitabu vya Kizanzibari bara. Tuliwajibu kwa habari ya siku ya makabidhiano. Binti mmoja wa Kigorowa wa kidato cha tatu, ambaye maji makubwa aliyokwisha kuyaona ni Ziwa Babati na viboko wake, alichukua Kuli, kitabu cha makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao. Alisoma kurasa kadhaa akiwa amesimama, kisha akatuuliza meli hufungwaje gatini. Tulimweleza kwa muda mrefu, na tungali tunamweleza kengele ilipogonga. Muungano wetu wa mwaka 1964 una mikataba na sheria zake, lakini mtoto wa Babati anayeuliza habari za gati la Unguja ameunganishwa kwa kamba nyingine, nayo haikatiki upesi.

Kabati letu sasa ni tupu, na hatusemi kwamba hatuoni upweke tukilitazama. Lakini heri upweke huu kuliko ule tulioupata mbele ya sanduku la babu. Kwa hiyo tunawaomba wenye vitabu wavifungue sasa, waandike majina yao, wavitoe kwa mikono yao wenyewe. Na tunawaomba wenye madaraka waandae rafu. Kazi hii haingoji mazishi.