Digrii ya kwanza au ya tatu: Ni kuungua kupi kulio hatari zaidi?

Hebu leo nianze kwa kukuuliza swali. Majirani wawili wameungua. Mmoja ameambiwa jeraha lake ni la digrii ya kwanza, na mwingine ameambiwa lake ni la digrii ya tatu. Ni yupi utakayemtafutia gari kwanza?

Usijibu haraka. Swali hili nimewauliza watu wengi wanaofika katika kliniki yangu hapa Murera, kati ya Ruiru na Thika. Wengi wao, wakiwemo waliosoma hadi chuo kikuu, hunijibu kwamba ni yule wa digrii ya kwanza. Jibu hilo si sahihi. Aliye hatarini ni yule wa digrii ya tatu.

Nilianza kuuliza swali hili baada ya kosa ambalo nililitenda mwenyewe, na ambalo lilimgharimu mtoto mdogo. Nitalisimulia ili lisirudiwe nyumbani kwako.

Barua niliyoiandika

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi ya Kiambu ambayo huwafanya watu waingize jiko la makaa ndani ya nyumba. Mvulana wa miaka mitatu alikuwa akiota moto, na mkono wa sweta yake ya nailoni ukashika. Nailoni haiungui kama pamba. Huyeyuka, ikagandamana na ngozi na kuendelea kuichoma. Babake, fundi wa mawe, alimleta kwangu akiwa amemfunga kwa leso.

Pembeni mwa jeraha palikuwa pekundu na pana malengelenge, na mtoto alilia nilipopagusa. Lakini katikati, karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa nyeupe na ngumu kama kipande cha ngozi kavu ya mbuzi. Hapo nilipogusa, mtoto hakushtuka.

"Daktari, huyu ataendelea vizuri," baba alisema kwa furaha. "Hapa katikati hata hasikii uchungu."

Nilimsafisha, nikamfunga bandeji, nikaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Katika barua, kwa Kiingereza, niliandika kwamba mtoto ana jeraha la digrii ya tatu kwenye mkono wa kushoto. Foleni ilikuwa ndefu nje. Nikampa baba barua, nikamwambia, "Mpeleke leo," na nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Walirudi siku ya tisa. Mtoto alikuwa na homa, jeraha lilikuwa likinuka, na kiwiko kilikuwa kimeanza kukunjika. Nilimuuliza baba kwa nini hakwenda hospitali. Alinijibu kwa upole, bila hasira yoyote: "Daktari, niliisoma ile barua. Uliandika namba tatu. Jirani akaniambia kwamba namba moja ndiyo ile mbaya, kama ile ya mauaji kwenye filamu. Namba tatu ni ndogo. Nami nauli sikuwa nayo, nikaona duka la dawa litatosha."

Mtoto alilazwa, akabandikwa ngozi iliyotolewa pajani mwake, na akapona. Lakini mkono ule haunyooki kabisa hadi leo. Baba alikuwa ameisoma barua yangu vizuri. Ni mimi niliyekuwa sijamweleza maana yake.

Neno moja, hesabu nyingi

Tutazame neno lenyewe. Waingereza walilipata kutoka kwa Wafaransa, nao Wafaransa kutoka Kilatini, na maana yake ya asili ni kipandio cha ngazi. Tatizo la ngazi ni kwamba kuna anayehesabu akipanda na kuna anayehesabu akishuka.

Chukua chuo kikuu. Kijana anayesoma katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja huanza na digrii ya kwanza. Ya pili ni ya uzamili, na ya juu zaidi ni ya uzamifu. Hapa namba moja ndiyo ya chini.

Geuka upande wa sheria. Katika majimbo mengi ya Marekani, mauaji ya digrii ya kwanza ndiyo mazito kuliko yote. Mpango huo ulianzia jimbo la Pennsylvania mwaka wa 1794. Hapa namba moja ndiyo ya kutisha, na hapo ndipo yule jirani alipopata elimu yake. Sheria za Kenya hazina digrii za mauaji. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hutenganisha tu kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Lakini filamu tunazotazama sebuleni zinatoka Marekani, si katika mahakama ya Thika.

Hospitali zetu nazo zina viwango vyake, kuanzia cha 1 hadi cha 6. Hospitali ya Thika ni ya kiwango cha 5, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni ya kiwango cha 6. Hapa namba kubwa ni uwezo mkubwa wa kutibu. Kwa upande mwingine, mzazi yeyote anajua kwamba mtoto akiwa wa kwanza darasani tunachinja kuku, na akiwa wa tatu tunampongeza tu.

Katika udaktari, kwa bahati nzuri, hesabu hii huenda upande mmoja: kadiri namba inavyopanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Ni hivyo kwa bawasiri, ambayo ina digrii nne. Ni hivyo kwa mama aliyechanika wakati wa kujifungua, ambaye mchaniko wake huhesabiwa kutoka ya kwanza hadi ya nne. Ni hivyo pia kwa hatua za saratani. Na ni hivyo kwa kuungua. Mwaka wa 1607, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeitwa Fabricius Hildanus alichapisha kitabu ambamo aligawa majeraha ya moto katika digrii tatu, akianza na nyepesi na kumalizia na nzito. Zaidi ya karne mbili baadaye, Mfaransa Dupuytren alizifanya kuwa sita. Mafunzo yamebadilika, lakini mwelekeo wa kuhesabu umebaki ule ule.

Ngazi ya kushuka ndani ya ngozi

Ili usisahau, fikiria mtu anayeteremka kisimani. Kila kipandio anachoshuka, giza linaongezeka. Moto nao huteremka ndani ya ngozi namna hiyo.

Digrii ya kwanza: Moto umegusa tabaka la juu tu. Ngozi ni nyekundu, inauma, lakini haina malengelenge. Ni kama mvuke wa sufuria ulipokupiga kidogo. Hupona kwa muda wa wiki moja hivi na haiachi kovu.

Digrii ya pili: Moto umefika tabaka la ndani. Hapa ndipo malengelenge hutokea, na ngozi iliyo chini yake ni nyekundu na yenye majimaji. Maumivu ni makali mno kwa sababu mishipa ya fahamu iko hai na imeachwa wazi. Jeraha lisilozama sana hupona kwa wiki mbili au tatu. Lililozama huchukua zaidi ya hapo na huacha kovu.

Digrii ya tatu: Moto umemaliza unene wote wa ngozi. Jeraha huwa jeupe, la kahawia au jeusi, kavu na gumu. Mizizi ya vinyweleo na vifuko vya jasho, ambavyo ngozi mpya huota kutoka kwavyo, vimekufa. Ndiyo sababu jeraha hili, isipokuwa likiwa dogo sana, haliwezi kujifunika lenyewe. Linahitaji kubandikwa ngozi.

Wako madaktari wanaotaja digrii ya nne, yaani moto uliofika kwenye misuli au mfupa. Mara nyingi huletwa na umeme wenye nguvu nyingi. Wengine siku hizi wameacha digrii na husema tu kama ngozi imeungua juujuu, nusu au yote.

Kimya cha jeraha

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote. Jeraha la digrii ya tatu haliumi pale katikati. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo imeungua pamoja na ngozi. Baba yule alifurahi kwamba mtoto hasikii uchungu, kumbe ule ukimya ndio uliokuwa ishara ya hatari. Mtoto anayepiga kelele ukimgusa ana ngozi iliyo hai. Yule ambaye jeraha lake jeupe unaligusa naye anakutazama tu ndiye wa kukimbizwa.

Jambo jingine ni kwamba jeraha moja laweza kuwa na digrii zote tatu, nyekundu pembeni na nyeupe katikati. Tena, jeraha huendelea kuzama kwa siku mbili au tatu za mwanzo, hivi kwamba lililoonekana la pili jana laweza kuwa la tatu kesho kutwa. Kwa hivyo usikasirike daktari akikuambia urudi akague tena.

Digrii peke yake haitoshi

Kina ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ukubwa wa eneo lililoungua. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto aliyeungua zaidi ya viganja vyake 10, au mtu mzima zaidi ya 15, yuko hatarini kupoteza maji mengi mwilini na huhitaji kuongezewa kupitia mshipa, hata kama jeraha ni la digrii ya pili tu. Wekundu mtupu wa digrii ya kwanza hauhesabiwi katika vipimo hivi.

Mahali palipoungua pia pana uzito wake. Uso, viganja, nyayo, sehemu za siri na viungo vinavyokunjika kama kiwiko na goti huhitaji hospitali hata eneo likiwa dogo. Vivyo hivyo jeraha lililozunguka mkono au mguu kama bangili, kwa sababu ngozi ngumu huweza kukaba damu isipite. Aliyeunguzwa na umeme au kemikali, na aliyevuta moshi ndani ya nyumba, apelekwe hospitali bila kujali namba.

Kenya imeiona mikasa mikubwa ya moto wa mafuta: Sachangwan karibu na Molo mnamo Januari 31, 2009, na mtaa wa Sinai, Nairobi, mnamo Septemba 12, 2011. Katika kila mmoja waliokufa walizidi watu 100. Lakini wengi wa wale ninaowaona mimi wanatoka jikoni: uji, chai, maji ya kuoga, jiko la makaa.

Ufanye nini kwanza?

Mtoe mtu kwenye moto. Nguo zikiwa zinawaka, alale chini na kubiringika. Kisha mimina maji baridi safi juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili. Bomba likiwa kavu, kama linavyokuwa mara nyingi, chota kwenye mtungi na umimine kwa kikombe pole pole. Maji husaidia hata kama saa tatu hazijapita tangu aungue. Usitumie barafu. Mwili uliobaki wa mtoto ufunike asipate baridi.

Vua pete, bangili na nguo kabla pahali hapo hapajavimba, lakini iliyogandamana na ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi. Usipasue malengelenge. Na tafadhali, msomaji mpendwa, usipake dawa ya meno, yai, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, jivu wala udongo. Vitu hivi huhifadhi joto, huleta uchafu, na humficha daktari rangi ya jeraha, ambayo ndiyo anayoitumia kujua digrii. Ukifika kituoni, uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Kuuliza si ujinga

Sisi madaktari tumezoea kuzungumza kwa namba na kwa Kiingereza, tukadhani tumeeleweka. Mgonjwa naye huitikia "ndiyo, daktari" kwa heshima, akaenda kuuliza jirani. Mimi sasa nikiandika barua humwambia mgonjwa kwa lugha anayoielewa: "Jeraha hili ni la digrii ya tatu. Tatu hapa ni mbaya kuliko moja. Ukibaki nyumbani, mkono utakunjika." Kisha humwomba anirudishie maneno hayo kwa kinywa chake, na nauli ikiwa ndiyo tatizo tunalizungumza kabla hajatoka mlangoni.

Lakini si kila daktari atakumbuka kufanya hivyo, hasa foleni ikiwa ndefu. Kwa hivyo, ukipewa namba yoyote hospitalini, iwe digrii, hatua au kiwango, usitoke kabla ya kuuliza maswali mawili: "Daktari, namba hizi zinaanzia wapi na kuishia wapi? Na mwisho upi ndio mbaya?" Hayatachukua hata dakika moja, na hakuna daktari mwema atakayekasirika kwa kuulizwa.