Mchongaji wa Wamunyu na Afisa wa Geneva

Uchongaji wa vinyago wa Wamunyu, nchini Kenya, unaohusishwa na Mutisya Munge aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hutumia miti kama muhugu na mpingo. Kwa kuwa usafirishaji wa mpingo kuvuka mipaka unasimamiwa na CITES, yaani mkataba wa mwaka 1973 unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, riziki ya mchongaji inaguswa na maafisa ambao hakuwachagua.

Maafisa hao wamo katika sekretarieti, yaani ofisi ya utendaji ya mkataba, iliyoko Geneva chini ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Ibara ya 100 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inawakataza watumishi wake kupokea maagizo ya serikali yoyote, na Ibara ya 101 inataka waajiriwe kutoka pande nyingi za dunia. Kwa hiyo afisa Mkenya hawi mjumbe wa Kenya, sembuse wa Wamunyu. Kwa mtazamo wa utumishi huo, kuwakilisha wananchi ni kazi ya serikali, na kazi ya afisa ni kuzihudumia nchi wanachama kwa utaalamu usioegemea upande.

Mtazamo huo una msingi, lakini hautoshi, kwa kuwa si wote wanaosikika sawa. Mwaka 2016, mkutano wa CITES wa Johannesburg uliweka jamii nzima ya mpingo chini ya udhibiti. Wanamuziki na watengenezaji wa ala, ambao hutumia mti huo kuundia klarineti, walilalamika na kupeleka waangalizi mikutanoni, hata mwaka 2019 nchi wanachama zikaziondolea udhibiti ala zilizokamilika, pamoja na bidhaa nyingine zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hizo kwa kila shehena. Vinyago vidogo navyo vilipata nafuu.

Afisa hapigi kura katika maamuzi hayo, ila huandaa nyaraka na vikao ambamo hoja husikika. Kwa hiyo uitikiaji, yaani wepesi wa kusikia na kujibu mahitaji ya watu, hauvunji uhuru wake. Asiye na nauli ya kwenda Geneva anastahili kufikiwa kupitia chama chake cha ushirika na KWS, mamlaka ya wanyamapori ya Kenya, kabla uamuzi haujapitishwa, kwa maana anayengoja sauti imfikie yenyewe husikia zaidi sauti ya mwenye uwezo wa kusafiri.