Okidi za Boko Hazifi kwa Kiu

Ukinunua okidi kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo, huku kwetu Boko, Dar es Salaam, muuzaji atakwambia umwagilie asubuhi na jioni. Huo ni ushauri wa mchicha. Phalaenopsis, ile okidi ya majani mapana inayopendwa sana barazani, ikinyweshwa hivyo mwezi Aprili haivuki masika. Mizizi inalainika, inakuwa ya kahawia, inaoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji, kwa hiyo majani nayo yanalegea, na mwenye nyumba akiyaona yamelegea anazidisha maji.

Okidi nyingi tunazofuga vyunguni kwao ni juu ya miti. Si kupe, hazinyonyi mti, zimepanga tu. Mzizi wake umevikwa ganda jeupe linalofyonza mvua kwa dakika chache, kisha linahitaji upepo ulikaushe. Likilowa, mzizi unakuwa wa kijani. Likikauka, unarudi kuwa mweupe wa kijivu. Basi tazama mizizi, achana na ratiba: ikiwa ya kijani, weka ndoo chini.

Pwani yetu ina okidi yake, Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Huota kwenye matawi ya miti mikubwa na kusimamisha vijizizi vyembamba vinavyodaka majani makavu yanayodondoka. Hakuna anayeimwagilia. Hunywa mvua inaponyesha, kiangazi ikapumzika.

Kwenye chungu, udongo wa bustani ni kaburi. Makumbi ya nazi yanasifiwa sana, lakini kwa hewa ya Boko yanashika unyevu kupita kiasi. Mimi nachagua mkaa wa vipande vikubwa na vigae vya matofali, kama wanavyofanya wakulima wa Singapore, wenye joto na unyevunyevu kama wetu. Chungu kiwe na matundu mengi. Na kisiwekwe nyuma ya ukuta wa fensi. Viwanja vyetu vimezungushiwa matofali marefu kwa kuogopa wezi, na upepo wa kusi unapita juu kwa juu huku mkaa ukibaki na maji siku nzima.

Masika, okidi ziingie chini ya upenu. Wiki inaweza kupita bila kuziongezea tone. Kipupwe, hewa ikikauka, ruka siku moja au mbili. Januari na Februari, kwenye joto la kaskazi, okidi za Vanda zinazoning'inia mizizi wazi zinataka maji kila asubuhi. Nasema asubuhi kwa sababu maji yanayolala katikati ya majani usiku huozesha moyo wa mmea.

Halafu kuna maji yenyewe. Ardhi ya huku imekalia mwamba wa chokaa, ule ule unaolisha kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, na maji ya visima hubeba chokaa hiyo. Karibu na ufukwe huongezeka chumvi. Utaiona kwenye mdomo wa chungu, ukoko mweupe, na ncha za mizizi zimeungua. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa hiyo mfereji wa bati uelekezwe kwenye pipa lenye mfuniko. Wasio na pipa wakitumia ya kisima, wayamwage kwa wingi mpaka yapite chini na kusafisha chumvi ya jana. Mkaa nao hujaa chumvi. Ubadilishe kila baada ya miaka miwili hivi.

Sahani chini ya chungu iondoke kabisa. Inaozesha mizizi, na inazalisha mbu wa dengi, ambayo Dar es Salaam iliipata sawasawa mwaka 2014 na tena 2019.

Okidi iliyokwisha kuoza mizizi, itoe chunguni. Kata kila mzizi unaobonyea kwa wembe uliopanguswa kwa spiriti, iache kivulini siku moja ikauke, kisha ipandwe kwenye mkaa mpya. Ikibaki na mizizi miwili mitatu migumu, ina nafasi.