Barua ya Sungura Iliyozaa Shamba

Je, umewahi kumwandikia mtoto barua? Sisemi barua ya kuomba fedha, wala barua ya kuleta habari za msiba. Nasema barua ya kumfurahisha mtoto tu. Wengi wetu hatujafanya hivyo. Tunajifunza kusoma na kuandika, tunatia sahihi kwenye daftari la ushirika, kisha kalamu tunaichomeka darini mpaka wino unakauka.

Leo nataka kukueleza habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Uingereza. Alimwandikia mtoto mgonjwa barua moja. Barua ile ikawa kitabu. Kitabu kikaleta fedha, na fedha zikasaidia kununua shamba. Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo habari zake zinanipendeza sana. Jina lake ni Beatrix Potter.

UTOTO WAKE

Bibi Potter alizaliwa katika mji wa London tarehe 28 Julai 1866. Wazazi wake walikuwa matajiri. Hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike. Hakuwa na marafiki wengi. Lakini yeye na mdogo wake wa kiume, Bertram, walifuga wanyama wadogo ndani ya nyumba. Walikuwa na sungura, panya, vyura, mijusi, popo na hata kalunguyeye.

Kila mnyama alimtazama kwa makini, kisha akamchora. Aliangalia sikio linavyosimama na mguu unavyokunjwa. Alipokuwa mtu mzima alichora pia uyoga. Mwaka 1897 maandishi yake juu ya uyoga yalipelekwa kwenye mkutano wa wataalamu mjini London. Yeye mwenyewe hakuwamo. Siku zile wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano ile.

Tangu alipokuwa msichana aliandika pia daftari la siri. Alitumia alama alizobuni mwenyewe, ili mtu mwingine asiweze kusoma. Alifanya hivyo kwa miaka zaidi ya 10. Ni mwaka 1958 tu, yeye akiwa amekwisha kufa, ndipo mtu mmoja alipofaulu kuzifumbua alama zile. Basi mkono wake ulikuwa umezoea kalamu muda mrefu kabla ya kuandika kitabu.

BARUA KWA MTOTO MGONJWA

Mmoja wa walimu wake aliolewa, akapata watoto. Mtoto wa kwanza aliitwa Noel. Mwaka 1893, Noel akiwa na miaka 5, aliugua akalala kitandani. Bibi Potter alikuwa mbali, huko Scotland. Alitaka kumtuliza mtoto, lakini hakuwa na habari ya kumweleza. Basi tarehe 4 Septemba alimwandikia hadithi, akachora na picha zake.

Hadithi ilihusu sungura wanne na mama yao. Mama aliwakataza wasiingie katika bustani ya mkulima mmoja. Watatu walisikia. Wa nne, Peter, akajipenyeza. Alikula mboga, akala maharage, mpaka tumbo likamuuma. Mara akakutana na mwenye bustani! Alikimbia huku na huku, akapoteza koti na viatu. Alifika nyumbani hoi, akanyweshwa dawa ya majani.

Sungura wa hadithi za bibi zetu ni mjanja, huwashinda hata simba na fisi. Sungura huyu ni mtoto mkaidi tu. Lakini nasi twajua kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Noel alipona, na ile barua akaitunza. Miaka kama saba baadaye Bibi Potter aliiazima, akaiandika upya, akaongeza maneno na picha. Kisha akawapelekea wachapishaji. Wachapishaji kadhaa walikataa. Yeye alitaka kitabu kidogo, kinachotosha mkononi mwa mtoto, tena cha bei nafuu. Wao hawakutaka hivyo.

Hakukata tamaa. Mwezi wa Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ilikubali kukichapisha, kikiwa na picha za rangi. Kilipendwa mno. Hata leo kinasomwa na watoto wa nchi nyingi, kwa lugha nyingi.

JINSI ALIVYOANDIKA

Bibi Potter alikuwa na desturi tatu.

Kwanza, aliandika juu ya vitu alivyoviona kwa macho yake. Peter lilikuwa jina la sungura wake mwenyewe. Nyumba, mageti na bustani alizochora zilikuwa za kweli.

Pili, alimwandikia mtoto anayemjua kwa jina. Hadithi yake ya kindi nayo ilianza kama barua, kwa dada yake Noel.

Tatu, hakuridhika upesi. Alisoma alichoandika, akafuta, akaandika tena.

KUTOKA KALAMU HADI JEMBE

Mwaka 1905 alipata pigo kubwa. Alikuwa amechumbiwa na Norman Warne, mmoja wa wenye kampuni ile ya vitabu. Mwezi mmoja tu baada ya uchumba, Norman aliugua akafa.

Mwaka ule ule Bibi Potter alinunua shamba liitwalo Hill Top, katika nchi ya milima na maziwa kaskazini ya Uingereza. Fedha zilitoka katika vitabu vyake, pamoja na urithi mdogo. Huko alijifunza ukulima. Mambo ya shamba nayo yakaingia katika hadithi. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha bata aliyekasirika kwa sababu mayai yake yaliwekewa kuku ayaatamie. Wewe mfugaji unaijua sana kazi hiyo.

Mwaka 1913 aliolewa na mwanasheria wa huko, William Heelis. Tangu hapo aliandika kidogo, akalima zaidi. Alifuga kondoo wa asili ya milima ile, waitwao Herdwick. Kondoo hawa huvumilia baridi na mvua. Mwana-kondoo hujifunza malisho kwa kumfuata mama yake, kwa hiyo hukaa katika sehemu yake ya mlima bila uzio. Kondoo wa Bibi Potter walipata zawadi katika maonyesho.

Alifariki tarehe 22 Desemba 1943. Aliacha ardhi zaidi ya ekari 4,000, pamoja na mashamba na makundi ya kondoo. Aliyakabidhi kwa shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale. Aliagiza kondoo wale waendelee kufugwa. Mpaka leo wapo.

NA WEWE JE?

Ndugu msomaji, sikuahidi kwamba barua yako itanunua shamba. Lakini ujuzi wa kusoma usipotumika hupotea, kama njia isiyopitwa inavyoota nyasi. Tena hadithi za wazee wetu zinazikwa pamoja nao kila mwaka.

Basi chukua daftari. Andika hadithi moja aliyokusimulia bibi yako, au habari ya mbuzi wako mtundu. Ukurasa mmoja unatosha. Kama huwezi kuandika yote kwa siku moja, andika mistari mitano leo na mitano kesho. Mpe mwanao au mjukuu wako akusomee kwa sauti. Anapokwama, sahihisha. Kisha litunze daftari mahali pasipo na mchwa wala mvua.

Mwana-kondoo hufuata njia ya mama yake. Mtoto akikuona na daftari mkononi jioni, hutahitaji kumlazimisha kusoma.