Usafi wa Kioo cha Tangi la Matumbawe

Huenda ukauliza: kwani kioo cha tangi la samaki wa baharini huchafukaje ilhali maji yenyewe ni maangavu? Jibu ni mwani. Mwanga wa taa pamoja na mbolea itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula huuotesha, nao hugandama kiooni kama utando. Ukizidi, huyafunika matumbawe yakafa.

Mimi hufuata utaratibu huu. Kwanza, nasuuza mikono mpaka sabuni iishe kabisa. Sabuni ndani ya tangi ni sumu! Pili, napitisha sumaku mbili, moja ndani na moja nje, kila baada ya siku mbili tatu, kabla utando haujakomaa. Karibu na mchanga naenda polepole, maana chembe moja ikinaswa kati ya sumaku na kioo itakwaruza, na mkwaruzo haufutiki. Tatu, ule mwani mgumu wa waridi, wenye chokaa, naukwangua kwa wembe. Lakini kama ukuta ni wa plastiki, wembe marufuku! Tumia kadi ya plastiki.

Konokono nao ni vibarua wazuri. Hula mwani bila kudai mshahara. Hata hivyo, kukwangua tu ni kukata majani na kuacha mizizi. Punguza chakula, na ubadilishe sehemu ya maji mara kwa mara kwa maji yenye chumvi ya bahari, yapata gramu 35 kwa lita. Kinga ni bora kuliko tiba, ati!